Siku moja maishani mwangu: sauti, kisu na sentensi moja

Saa 12:30 asubuhi. Kabla wenzangu wa kikundi chetu cha vipindi na maigizo ya kupinga visasi vya visu hawajafika studio, nilivaa hedifoni na kusikiliza upya mahojiano ya binti aliyeshuhudia kaka yake akichomwa kisu. Katika dakika ya 6 anamtaja aliyemchoma kaka yake kwa jina, anavuta pumzi, na nyuma yake mlango wa chuma unajibamiza. Jina nililikata bila kusita. Kilichonisumbua ni mlango, kwa kuwa jirani yeyote angeutambua mlio wake na kujua ni nyumba ya nani. (Kwa sababu hiyohiyo, kilicholia nimekibadilisha hapa.)

Saa 3:00. Katika kikao cha uhariri, kijana mmoja alipendekeza tuishushe sauti ya binti iwe nzito kama ya mzee. Nilipinga, maana sauti iliyoshushwa kwa kompyuta inaweza kupandishwa tena na mtu mwenye programu kama yetu. Tulikubaliana kwamba mwigizaji asome maneno yake jinsi yalivyo, naye binti asikilize kabla ya kipindi kurushwa, akiwa na haki ya kukataa hata dakika ya mwisho. Kwa kuwa ana miaka 16, mzazi wake alikwishatia saini, lakini saini ya mzazi haitoshi kama mtoto mwenyewe anasitasita.

Saa 6:00. Ripoti ya wafadhili. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa mwaka 2015, linamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 29, na fomu nayo ikafuata umri huohuo. Nusu ya kikundi chetu haina pa kuandikwa.

Saa 10:00 jioni. Onyesho uwanjani. Tunatumia mtindo aliouasisi Mbrazili Augusto Boal: igizo huchezwa mara ya kwanza hadi mwisho wake mbaya, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kulisimamisha, akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Leo kijana mhusika anashinikizwa na marafiki alipize kisasi. Mvulana mmoja alipaza sauti, "Simama!", akaingia, akatoa hotuba nzuri kuhusu upendo, na papo hapo wachochezi wote wakatubu. Mwongozaji akawageukia watazamaji: "Mambo huwa hivyo?" Wakaangua kicheko. Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo ambaye hakuhubiri hata kidogo. Aliomba tu simu, akampigia mjomba aje amchukue, kisha akaendelea kuwauliza wale marafiki maswali madogomadogo ili muda upite. Waigizaji walimbana kwa matusi, lakini kisu hakikutoka mfukoni. Kwa maoni yangu, kununua muda namna ile kulifundisha zaidi ya mabango yote tuliyowahi kuchora.

Saa 1:30 usiku. Binti alikuja kusikiliza, mzazi wake akiwa pembeni. Alitulia hadi mwisho, akaomba tuondoe sentensi moja. Ilikuwa ndiyo bora kuliko zote, ile niliyokusudia kufungulia kipindi, na siwezi kuiandika hapa. Niliifuta mbele yake, pamoja na nakala iliyokuwa kwenye diski ya akiba.