Figo iliyorudi kongoshoni

Baba alitolewa figo ya kushoto kwa ajili ya saratani, na baada ya zaidi ya miaka 10 hakuna aliyeitaja tena nyumbani. Kisha akaumwa tumbo. Picha ya CT ikaonyesha vivimbe kwenye kongosho, na tukaambiwa tujiandae, huenda ni saratani ya kongosho. Nilijua watu wachache sana hupona ugonjwa huo. Usiku ule sikupata usingizi.

Daktari wa upasuaji ndiye aliyelitazama kovu. "Mzee, hapa ubavuni ulifanywa nini?" Baba alipomweleza, daktari akairudia picha. Vivimbe vilikuwa vinang'aa pale dawa ya kung'arisha picha, aliyodungwa mshipani, ilipopita, maana vilijaa damu. Saratani inayoanzia kongoshoni kwa kawaida huonekana imefifia. Akataka kinyama kipimwe, tena tulete ripoti ya zamani ya figo. Namshukuru Mungu mama hatupi karatasi.

Majibu yakawa seli zilezile za figo. Saratani hiyo, alitueleza, hupenda kukimbilia mapafu, mifupa, ini na ubongo, lakini mara chache huenda kusikotarajiwa: kongosho, tezi ya shingo, kibofu cha nyongo, hata ngozi. Na huweza kujificha miaka 10 au 20.

"Sasa hiyo ni heri au shari?" baba akauliza.

"Ingekuwa ya kongosho yenyewe, mzee, tungekuwa na maneno mengine. Ya figo ikifika hapo, mara nyingi hukua polepole."

Nililia palepale, mtu mzima mimi, kwa kusikia kwamba saratani ya baba imesambaa.

Uvimbe ungekuwa mmoja wangeukata. Kwa kuwa vilikuwa kadhaa, alianzishiwa vidonge vya sunitinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ambayo huzuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu: wiki 4 anameza, wiki 2 anapumzika. Vivimbe vya figo vilivyotua kongoshoni, daktari alisema, huelekea kuzisikia dawa za namna hiyo kuliko zile za kuamsha kinga ya mwili. Haikuwa rahisi. Nyayo zilimwaka hata akashindwa kuvaa viatu, chakula kikakosa ladha, presha ikapanda, nywele zikawa nyeupe.

Picha iliyofuata ilionyesha vivimbe vimesinyaa. Baba hakuridhika kuambiwa tu. Alitaka kuonyeshwa kimoja kimoja, na daktari akavipima mbele yake.