Nilivyoikarabati nyumba ya udongo ya mchukuzi wa bandarini, Ng'ambo ya Unguja

Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba aliyoijenga babu yangu, aliyekuwa mchukuzi wa bandarini, iko Mwembetanga, mtaa wa Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka huko, lakini ni ya miti na udongo, na wengi katika warithi wenzangu walitaka ibomolewe ili pajengwe maduka ya matofali. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba nyumba ya mchukuzi inastahili kutunzwa kwa elimu ileile inayotumika kwa majumba ya mawe, kwa kuwa mabega ya watu hao ndiyo yaliyopakia karafuu zilizowatajirisha wenye majumba.

Kabla ya kumwita fundi niliipima nyumba nzima na kuichora. Mbele ina baraza; kutoka mlango mkubwa ukumbi unapita katikati hadi uani, penye jiko, choo na kisima, na kila upande wa ukumbi una vyumba vitatu. Kila chumba kina mlango wake unaofungukia ukumbini, wala hupiti chumba kimoja ili kufika kingine, na ndiyo sababu nyumba ya namna hii ilimfaa sana mtu wa kipato kidogo, ambaye aliweza kukaa na familia yake katika vyumba viwili vya nyuma na kupangisha vilivyobaki kwa mwezi. Wapangaji wa babu walikuwa wachukuzi wenzake. Shangazi yangu, aliyezaliwa humo, alinieleza kwamba mgomo wa mwaka 1948, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandarini mwezi wa Agosti na kuenea mjini mwezi uliofuata, ulipowakosesha wapangaji mshahara, bibi aliwapikia wote katika sufuria moja pale uani na kodi hakuidai.

Udongo nao una historia yake. Zama hizo mwenye nyumba wa Ng'ambo mara nyingi hakuwa mwenye kiwanja: nyumba ni yake, ardhi ni ya mwingine au ni ya wakfu, na kila mwezi alipaswa kuilipia. Kodi hiyo ilipozidi kupanda, wakazi, wake kwa waume, waligoma kuilipa mwaka 1928. Mtu anayeweza kuondolewa kiwanjani hana sababu ya kutia mawe na fedha nyingi katika ardhi isiyo yake. Hujenga kwa boriti, fito na udongo, vitu ambavyo siku ya kuhama miti yake huweza kung'olewa na kusimamishwa kwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na enzi za Mzee Karume mitaa mizima ya nyumba kama hizi ilianza kuondolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani. Zilizosalimika si nyingi tena, na hilo lilinipa nguvu ya kubishana na ndugu zangu.

Ubovu wa nyumba ulikuwa mmoja: unyevu. Miaka ya nyuma kuta zilipigwa lipu ya saruji kwa nje ili zionekane za kisasa, na maji yaliyoingia kupitia nyufa yakakosa pa kutokea. Tulipoibandua lipu ile upande wa kichochoro, udongo wa chini ulikuwa umelainika kabisa na miguu ya nguzo imeliwa na mchwa, ilhali juu ya usawa wa kiuno ukuta ulikuwa mkavu na imara, na alama za vidole vya waliokandika zilikuwa bado zinasomeka kati ya fito.

Fundi niliyempata alikuwa mzee aliyejifunza kazi hiyo kwa baba yake. Alianza kwa kuliegemeza paa kwa mihimili ya muda, kisha akabadilisha nguzo mbovu moja baada ya nyingine kwa boriti za mkandaa tulizozinunua kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikivunjwa mtaa wa pili. Chini tulijenga msingi mfupi wa mawe ili udongo usigusane na ardhi. Udongo mwekundu ulilowekwa, ukakanyagwa kwa miguu hadi ukashikamana, ukajazwa kati ya fito pamoja na vijiwe. Ulipokauka na kupasuka, nyufa zikazibwa. Mwisho tulipiga lipu ya chokaa ya mawe ya matumbawe iliyozimuliwa na kuachwa shimoni muda mrefu. Chokaa hiyo huruhusu ukuta kutoa unyevu, kazi ambayo saruji haiiwezi.

Mabati ya paa niliyaacha, ingawa hapo mwanzo nyumba iliezekwa makuti. Shangazi alipenda makuti yarudi. Nilimweleza kwamba mabati aliyaweka babu mwenyewe, kwa hiyo nayo ni sehemu ya historia ya nyumba. "Haya, mwanangu," alisema, "lakini upenu uurefushe, mvua isipige ukuta." Alikuwa na haki, na tuliurefusha.

Ndugu zangu walikubali kwa sababu ya ule mchoro. Niliwaonyesha kwamba vyumba viwili vya mbele vingeweza kupangishwa kwa fundi cherehani na muuza vitabu bila kuvunja hata ukuta mmoja, na tukaandikiana kwamba kodi ya chumba kimoja ni ya matengenezo. Fedha hiyo ndiyo inayonunua chokaa ya kupaka ukuta wa kichochoroni kila mwaka kabla ya masika, na safari hii itatosha pia kuanza kazi ya jiko la uani.