Elisha Alivyoacha Kazi

Neno la wiki: 1 Wafalme 19:19-21

Bwana asifiwe, wapendwa.

Katika ushirika wetu hapa Kisumu kuna swali linalorudi kila mara tukimaliza maombi: niache mshahara nikafanye biashara? Wanaouliza ni walimu, watu wa benki, wafanyakazi wa kaunti. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, lakini moyo uko soko la Kibuye, au ufuoni Dunga, au kwenye mchele wa Ahero. Mimi sioni dhambi katika hamu hiyo. Lidia wa Thiatira aliuza rangi ya zambarau, na nyumba yake ndiyo iliyompokea Paulo kule Filipi. Paulo mwenyewe alishona mahema.

Linalonisumbua ni jinsi tunavyolitumia fungu la Elisha, mkulima aliyeitwa na nabii Eliya akiwa analima. Limehubiriwa sana kwamba aliteketeza kila kitu asiwe na pa kurudi, kwa hiyo nawe ukisikia wito, peleka barua ya kujiuzulu kesho na Mungu atafungua njia. Hebu tulisome tena polepole. Shambani kulikuwa na jozi 12 za ng'ombe, naye Elisha alikuwa na ile ya 12. Hiyo ni nyumba yenye mali. Aliyoichinja ni jozi moja. Zile 11 Biblia haisemi kwamba ziliguswa. Kabla ya kuchinja aliomba kwanza ruhusa akawabusu baba yake na mama yake. Na nyama aliwapa watu, wakala. Siku Elisha alipoacha kazi, watu waliomzunguka walishiba.

Wengi wetu tulioajiriwa tuna mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo. Tuliupata kwa sababu wenzetu kazini walitia sahihi kuwa wadhamini, na akiba zao zikafungwa humo mpaka tumalize kulipa. Ukitoka kazini, makato ya mshahara yanakoma. Biashara ikichelewa kusimama, Sacco itamgeukia mwalimu mwenzako, naye ana watoto wa kusomesha. Yeye hakusikia wito wowote. Alikuamini tu. Mithali 22:26 inamwonya anayejitia katika dhamana ya deni la mtu, nami naamini onyo hilo linamgusa pia yule aliyedhaminiwa. Afadhali uchelewe mwaka mzima ukilimaliza deni, au uketi na wadhamini wako mkubaliane utalipaje, kuliko kufungua duka kwa maombi na nyimbo huku mtu mwingine anakatwa mshahara kwa ajili yako.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mke wako au mume wako ajue kabla ya mchungaji. Mama aliye Siaya au Vihiga, anayetegemea kile kidogo unachomtumia, aambiwe mapema kwamba kwa muda huenda kikapungua. Elisha aliaga.

Kisha kuna kuhesabu gharama, kama Bwana alivyosema katika Luka 14:28. Anayetaka kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ajue kwamba kila mwaka kuanzia Aprili uvuvi wake hufungwa kwa miezi kadhaa ili wazaane, na karo ya muhula wa pili huja katikati ya miezi hiyo hiyo. Ajue pia kwamba mvua ikinyesha kabla omena hawajakauka, mzigo alionunua kwa bei ya chakula cha watu unaweza kuishia kuwa chakula cha kuku. Ile asilimia 2.75 ya bima ya afya ambayo mwajiri alikuwa akiikata na kuipeleka, sasa ataitafuta mwenyewe, tena kwa kawaida ya mwaka mzima kwa mkupuo. Akina mama wa Dunga wanaijua hesabu ya ziwa kuliko sisi sote. Nenda ukae nao Jumamosi kadhaa ungali na mshahara, uwaulize, uwasaidie kuanika.

Tena tuangalie hamu yenyewe. Uhuru wa kifedha unaotajwa siku hizi mara nyingi maana yake ni kutotumwa na mtu. Elisha aliacha shamba lenye jozi 12 akawa mtu wa kummiminia Eliya maji mikononi, ndivyo alivyojulikana katika 2 Wafalme 3:11. Naye Paulo, akiwaaga wazee wa Efeso, aliwaonyesha mikono yake akasema ilitumika kwa mahitaji yake na ya wale waliokuwa pamoja naye. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ninayoitafuta ninaposikiliza mipango yetu. Je, yumo kijana wa Kondele utakayempa kazi ya kupakia magunia? Utamlipa siku gani? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na masikio ya Bwana wa majeshi yamesikia. Wewe uliyeumia mwajiri alipochelewesha mshahara unayajua maumivu hayo.

Wiki hii tumwombee dada yetu anayejiandaa kutoka kazini. Ameshazungumza na mumewe, na sasa anawaendea wadhamini wake mmoja mmoja.

Na kama wewe ulishatoka na wadhamini wako wanakatwa, usizikwepe simu zao. Mpigie mmoja leo, hata kama ulicho nacho cha kuanzia ni shilingi elfu mbili.