Siku moja uani kwangu, nikitengeneza gitaa la besi

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nakwenda uani kuiangalia shingo. Naweka rula ya chuma juu yake, nainama, nachungulia kama kuna mwanga unaopita chini ya rula. Hakuna. Hapa Tandika, Dar es Salaam, msimu wa masika, mbao inalala imenyooka na kuamka imepinda, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu. Ndiyo maana shingo hii sikuichonga kwenye kipande kimoja. Ni vipande vitatu vya mninga vilivyogundishwa pamoja, nyuzi za mbao zikielekea pande tofauti, na ndani yake kuna mfereji wenye fimbo ya chuma inayokazwa kwa spana. Nyuzi nne za besi zikishakazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 80, saa 24, hata gitaa likiwa limeegeshwa ukutani. Mbao peke yake itasalimu amri.

Mwili hauniumizi kichwa. Nao ni mninga, niliuchagua Keko kwa mafundi wa samani. Mninga uliokauka vizuri hautikisiki. Muulize yeyote aliyerithi kitanda cha mninga.

Saa 1 asubuhi. Chai na vitumbua, watoto wanakwenda shule.

Saa 2. Sasa kazi yenyewe ya leo: kukata njia za freti, vile vijiti vya chuma vinavyogawa sauti, kwenye ubao wa vidole, yaani ule unaobandikwa juu ya shingo. Ubao huu ni mpingo. Kuupata ulikuwa mtihani, kwa sababu mti wa mpingo hukua polepole na kwa kujipinda, na kipande kilichonyooka kinachozidi sentimita 60 ni adimu. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge wanalijua hilo kuliko mimi. Vipande vizuri vingi huvuka bahari kwenda kuwa klarineti na obo. Sina ugomvi na klarineti, lakini mbao nzito kiasi cha kuzama majini, inayostahimili kusuguliwa na nyuzi za chuma miaka na miaka, inamea kwetu. Nataka kuiona chini ya vidole vya wapigaji wetu pia.

Kipimo ni kile alichokitumia mtengeneza magitaa Leo Fender kwenye besi yake ya mwaka 1951 kule Marekani: inchi 34, yaani milimita 864, kutoka nati (kizuizi cha nyuzi kule kichwani) hadi darajani (zinapoegemea nyuzi mwilini). Unagawanya 864 kwa 17.817, unapata 48.5, hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, unapata nafasi ya freti ya pili, na kuendelea. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 432. Isipoangukia hapo, usiguse msumeno, rudia hesabu. Ya 20 inakaa kwenye 592 hivi. Na kila alama naipima kutoka kwenye nati, kamwe si kutoka freti moja hadi nyingine, maana ukikosea kwa unywele mmoja, kosa hilo litabebwa na freti zote zinazofuata.

Msumeno wangu unakata njia ya upana wa milimita 0.6. Nauegemeza kwenye kipande cha mbao chenye pembe mraba, navuta taratibu, mara tatu nne bila kukandamiza, mpaka meno yapate njia yao. Mpingo hautaki haraka. Unatoa unga laini mweusi wenye kazambarau, na unga huo si wa kuvuta puani; barakoa haitoki usoni mpaka nimalize kufagia.

Saa 5. Mwenye besi anafika. Anapiga kwaya, Mbagala.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, kaka. Njoo uishike."

Anaishika shingo, anafumba macho, vidole vinatembea. Kisha anaomba chaki na kuweka alama karibu na kichwa. "Hapa nipunguzie kidogo, kidole gumba kinagota." Nachukua tupa, kisha msasa, anashika tena, napunguza tena. Hili ndilo linalonifanya niipende kazi hii: gitaa la dukani limetengenezwa kwa mkono wa kila mtu, na huyu ana mkono mdogo, lakini besi anaijua kwelikweli.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie, kisha Kariakoo kutafuta poti (vidhibiti vya sauti) mbili za kiloomu 250, kapasita na waya. Foleni ya kurudi ni ileile ya siku zote.

Saa 10 jioni. Umeme umekatika, lakini gundi haihitaji umeme. Mpingo una mafuta yake ya asili, na gundi ikikutana na mafuta hayo haishiki. Kwa hiyo naupangusa ubao kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, na papo hapo napaka gundi kabla mafuta hayajapanda tena juu. Tabaka jembamba, kona hadi kona. Kisha bana, naanza katikati kwenda nje, nakaza kidogo kidogo huku nikitazama gundi ikichungulia pembeni kwa usawa. Ikichungulia upande mmoja tu, ubao unateleza, na hapo hesabu zote za asubuhi zinakwenda na maji.

Saa 12. Nafuta gundi iliyozidi, napima tena kwa rula. Bana hazifunguliwi mpaka kesho saa 4. Freti nitazigonga Jumamosi, pikapu, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zitafuata.

Kama kuna mtu Dar ana kipande cha mpingo kilichokauka, kilichonyooka, cha sentimita 65 na kuendelea, anitafute. Nitakinunua, ila kije na karatasi zake za uvunaji halali.