Ziwa Rudolf na ukoo uliojitafutia babu mpaka kwa Nuhu

Juzi nilikuwa napanga vitabu vya marehemu babu, sanduku zima, vumbi tupu, nikakutana na atlasi yake ya zamani, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai. Nafungua Kenya, huko juu kaskazini naona imeandikwa Ziwa Rudolf. Mi nimezaliwa likiitwa Turkana, jina lilibadilishwa 1975, kwa hivo hilo la kwanza nilikuwa nalisikia tu kwa wazee. Rudolf nani sasa? Nikashika simu nitafute dakika tano nilale, na wacha niwaambie, sikulala.

Huyo Rudolf mwenyewe ata hakuwahi kuliona ziwa. Ni Teleki, bwana mmoja wa Hungaria, na mwenzake Ludwig von Höhnel, walifika pale Machi 1888 na msafara wao uliotokea Pangani, wakaambiwa jina la wenyeji, Basso Narok, wakalisikia vizuri kabisa alafu wakaandika la kwao. Wakampa mrithi wa kiti cha Austria, mtoto wa ukoo wa Habsburg. Na yeye jina alirithishwa, alipewa la Rudolf wa kwanza, yule wa ukoo huo aliyekuwa mfalme wa Wajerumani 1273. Sasa ukifuata huyo wa 1273 alitoka wapi ndo utamu unaanza.

Hawakutoka Austria. Mi miaka yote nilidhani Habsburg na Austria ni kitu kimoja, kumbe walitokea sehemu ambayo leo ni Uswisi, jimbo la Aargau, juu ya kilima karibu na mto Aare. Cheo chao kilikuwa Graf, yaani bwana wa kieneo fulani, kile kile ambacho Waingereza wanakiita count na ndo neno kaunti lilikotoka, kwa hivo wachukulie kama magavana tu, tena wa kaunti ndogo. Jamaa anaitwa Radbot anajenga ngome hapo miaka ya 1020 hivi, inaitwa Habichtsburg, ngome ya mwewe, eti alimpoteza mwewe wake wa kuwindia akamkuta katua pale. Hadithi tamu, ila wataalamu wengine wanasema jina linatokana na neno la zamani la kivuko cha mto, na mi nawaamini hao wa kivuko, manake hadithi za mwewe huwa zinakuja watu wakishakuwa wakubwa.

Kabla ya Radbot kuna babake, Lanzelin, na kabla ya huyo kuna Guntram, anaitwa Guntram Tajiri. Hapo kamba inakatika. Wako wanaosema ni Guntram yule wa Alsace, eneo ambalo leo liko Ufaransa, ambaye mfalme Otto wa kwanza alimnyang'anya mali mwaka 952 kwa uhaini, na kama ni yeye basi ukoo unarudi mpaka kwa Eticho, mtawala wa Alsace wa karne ya 7. Kama ni yeye lakini. Jina linafanana, eneo liko jirani, miaka inakubali, ushahidi wa kumaliza ubishi hakuna.

Na hayo machache tunayajua kupitia kwa watawa wa Muri. Hii ni monasteri aliyoanzisha Radbot na mkewe Ita mwaka 1027, na karibu karne moja na nusu baadaye mtawa mmoja pale akakaa akaandika historia ya nyumba yao. Ungetegemea awapambe waliowajengea si ndio? Wapi. Anasema ardhi ya Muri ilichukuliwa kwa mabavu, na mama Ita ndo dhamiri ilimsumbua akataka ile mali ya dhuluma apewe Mungu. Yaani karatasi ya kwanza ya maana ya huu ukoo inaanza na kesi ya shamba. Mkenya yeyote hapo anaelewa bila kuelezwa.

Sasa rudi 1273. Wale wakubwa waliokuwa wanachagua mfalme wakamchagua Rudolf, mzee wa miaka 55, na sababu mojawapo ni kwamba hakuwa mkubwa sana wa kuwasumbua. Walikosea hesabu. Ottokar mfalme wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Czech, ambaye alikuwa anakitaka kiti na ndo alishika Austria, akakataa kumtambua, wakapigana mpaka Ottokar akauawa vitani Agosti 1278, na 1282 Rudolf akawagawia wanawe Austria na Styria. Hivo ndo wakahamia huko.

Na hapa tabia inaanza. Kila wakipanda cheo, babu anazidi kuwa wa kale! Mwaka 1356 Kaisari Charles wa nne anaandika sheria ya watu 7 wa kuchagua mfalme, Austria haimo. Mkwe wake Rudolf wa nne, kijana wa Habsburg, anakasirika, na baada ya muda mfupi anatoa mabunda ya hati za zamani zinazoipa Austria heshima za ajabu, ndani yake mna barua za Julius Caesar na Nero, wale watawala wa Roma ya kale. NERO jamani. Charles akampa Petrarch, yule mshairi wa Italia, azikague, naye 1361 akajibu kwamba huu ni uongo, kwanza Caesar hakuwa anajiita "sisi" akiandika, na jina la Augustus hakuwa nalo. Kwisha maneno. Lakini unajua nini, karibu miaka mia baadaye, 1453, mmoja wao keshakuwa Kaisari, Frederick wa tatu, akazipigia muhuri hizo hizo hati zikawa sheria.

Mwanawe Maximilian ndo akamaliza kabisa. Aliajiri watu wazungukie makanisa na monasteri kutafuta mababu, na Jakob Mennel akamletea ukoo unaoanzia kwa Hector wa Troya, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki. Mwingine, Stabius, akampeleka mpaka kwa Nuhu, hiyo ikawa nzito mpaka Maximilian akawauliza wanateolojia wa chuo cha Vienna kama inakaa. (Kwa Nuhu si wote tunafika lakini?) Kaburini kwake Innsbruck kumesimama masanamu 28 ya shaba ya mababu na ndugu, mmoja wao King Arthur, yule mfalme wa hadithi za Waingereza. Na kaburi lenyewe ni tupu, amezikwa mji mwingine.

Ile ngome ya Radbot? Waswisi wa Bern waliichukua 1415, wakati mababu wa Troya bado hawajapatikana. Nusu ni magofu, nusu ina mgahawa. Na Kaisari wao wa mwisho, Karl, alifia uhamishoni Madeira 1922, mwili uko huko mpaka leo, ila moyo wake na wa mkewe Zita wamewekwa Muri, kwenye ile monasteri ya mama Ita.