Na fundi akenda zake?

Tangu Jumapili swali la Mama halinitoki. Tulikuwa barazani, Fahmi akitusomea barua zake mbili za kukubaliwa uzamivu, ya Marekani na ya Uholanzi, zote za uhandisi wa kutoa chumvi majini. Mama alikuwa kimya na kofia yake anayoishona, mpaka msimamizi alipotajwa. Akauliza: "Na fundi akenda zake, jahazi humalizwa na nani?"

Nikamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya chuo." Akainamia kofia yake, hakusema tena.

Harusi ya Salma imepita, mitihani ya kidato cha nne nimeisahihisha, na jibu langu lile bado linanichoma. Maana aliuliza jambo lenyewe. Yule msimamizi wa Marekani ana maabara nzuri ya utando wa kuchujia, lakini hajathibitishwa kazini. Wenzake kwa kawaida hupimwa mwaka wa sita. Uzamivu wa kule nao huchukua miaka mitano au sita. Akinyimwa uthibitisho, au akiitwa pengine, mwanafunzi ama amfuate, ama atafute msimamizi mwingine mwenye ruzuku na nafasi, na mara nyingi utafiti huanza upya. Kwa hiyo Fahmi aulize: ruzuku yake inaisha mwaka gani? Wangapi wamemaliza kwake, na kwa muda gani? Wangapi waliondoka njiani? Wanafunzi wake awapigie simu, kwani kwenye barua pepe watu hujilinda.

Na pesa pia. Barua ya Marekani inasema karo imesamehewa, posho ni ya miezi 9. Ile mitatu ya kiangazi hutegemea ruzuku ya msimamizi, yaani tumerudi kwa swali la Mama. Ada ndogondogo za muhula hukatwa hata karo ikisamehewa. Posho ya kwanza hufika Septemba mwishoni, ilhali mwenye nyumba anataka kodi na amana Agosti, na dola 350 za SEVIS, daftari la serikali ya kule la wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza hulipwa kabla ya safari.

Uholanzi ni ajira ya miaka 4: mkataba wa kwanza wa mwaka au mwaka na nusu, kisha tathmini, kisha unaongezwa. Kuna mshahara, na kila Mei posho ya likizo, asilimia 8 ya mshahara wa mwaka. Ila kiasi kilichoandikwa ni kabla ya kukatwa kodi, na kupata chumba kule ni taabu kubwa. Wasimamizi ni wawili. Hilo ndilo lililonivuta.

Alhamisi idara ya Marekani ikajibu: posho miaka 5, awe msimamizi yupo au hayupo. Fahmi alikwenda moja kwa moja kwa Mama. "Imeandikwa?" "Imeandikwa, Bibi, na sahihi ipo." Mama akacheka hadi akaweka sindano chini, nami nikamwomba radhi. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kumwachia mwanafunzi nafasi ya kujibu mpaka 15 Aprili. Uholanzi haimo katika makubaliano hayo, inataka jibu wiki ijayo. Fahmi ameomba siku kumi zaidi.

Mama alipoiokota ile sindano, alitunga uzi mara nne akiielekeza kwenye mwanga wa mlango, ya tano akapapasa kwa kidole. Ukungu wa jicho lake la kushoto umezidi tangu Ramadhani, na kila nikitaja daktari anasema ni usingizi tu.