Mpira wa Kuzibulia Sinki

Juzi binti yangu aliingiza mkono kwenye begi la tromboni akitafuta penseli, akatoka na mpira mweusi wa kuzibulia sinki.

"Baba, mbona mpira wa choo umo humu?"

"Huo haujawahi kuona choo, mama. Huo tunapigia muziki."

Harufu yake ikanirudisha Hamburg, mchana ule wa simu.

Ilikuwa saa nane. Mpulizaji wa tromboni ya tatu ameugua, bendi inapanda jukwaani saa mbili usiku, wanatafuta deiwaka. Aliyepiga aliuliza mambo matatu tu: una suti nyeusi, unasoma noti papo hapo, una vizibo vyako? Mawili ya kwanza nilijibu ndiyo bila kufikiri. La tatu lilikuwa nusu kweli. Kizibo ni kile unachoweka kwenye kinywa cha mbele cha chombo ili kubadilisha sauti. Nilikuwa na kizibo cha kawaida na kile chenye kikombe, lakini cha mpira sikuwa nacho. Kwenye tarumbeta za kanisani Lushoto hakikuwa na kazi.

Nikakimbilia duka la vifaa vya bomba. Tromboni ya teno, ile ya kawaida, yenye kinywa cha mbele cha kama sentimita 20 inataka mpira wa sentimita 15 hivi. Ile midogo inawafaa watu wa tarumbeta. Ubonyeze kwa kidole gumba. Ukikunjika bila ubishi, chukua. Mgumu hugonga shaba kila unapofunga, na mlio huo unafika hadi viti vya nyuma. Mti wake uwe wa kuzungusha, utoke bila msumeno. Nyumbani uoshe kwa sabuni mara mbili, maana utaunusa usiku kucha.

Vijana wanaoniuliza njia ya kuingia bendi kubwa hudhani kuna mlango wenye tangazo. Upo, ila ni mwembamba. Ujerumani ina big band za redio Köln, Hamburg, Frankfurt na Stuttgart, na kila moja ina viti vichache tu vya tromboni. Kiti hufunguka mtu akistaafu au akiondoka. Wengi wetu tumepitia udeiwaka. Kabla ya simu ile nilikuwa nimepuliza miaka mitatu, kila Jumatatu, kwenye bendi ya mazoezi isiyolipa hata nauli, na kodi ya nyumba ilitoka kwenye kufundisha watoto. Aliyenipigia alipata namba yangu huko huko.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Deiwaka akifika mapema anapata faili la noti peke yake, na hiyo ndiyo mazoezi yake. Usianze kupuliza. Fungua kila wimbo utafute marudio, uone unaruka wapi na unatua wapi, kisha hesabu una vipimo vingapi, yaani vile vipande sawa vya mapigo, vya kubadilisha kizibo. Angalia pia alama za penseli za mwenye kiti. Akichora miwani, maana yake hapo inua macho, kuna jambo. Siku hiyo nilikuta miwani mitatu kwenye ukurasa mmoja, wimbo wa zamani wa Duke Ellington, yule kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, na chini yake vipimo vinane vya mpira.

Mtindo huo una wenyewe. Joe Nanton, mpulizaji wa tromboni aliyeingia kwa Ellington mwaka 1926, alikuwa akitumbukiza kizibo kidogo cha tarumbeta ndani ya tromboni, halafu anauchezesha mpira mbele yake, na shaba ikawa inalia kama mtu. Sisi hatukuombwa hayo. Tuliombwa kufunga na kufungua tu, tromboni tatu kwa pamoja: alama ya kujumlisha ni kufunga, duara ni kufungua.

Tatizo ni mikono. Siku zote mkono wa kushoto ndio unaobeba tromboni, wa kulia unavuta slaidi, lile bomba la kuteleza; kila mahali unapolisimamisha huitwa nafasi. Wa kushoto ukishika mpira, chombo kinalala begani, na mkono ule ule unaovuta ndio unaokizuia kisianguke. Ukivuta mbali kwa haraka, kipulizio kinahama mdomoni. Noti zangu zilikuwa C na D zikipishana. Mazoea yalinivuta kwenye C ya nafasi ya tatu na D ya nafasi ya kwanza, lakini nafasi ya nne nayo ina D, hatua moja tu kutoka ya tatu. Tena D ya nafasi ya kwanza kwa asili huwa chini kidogo, na slaidi ikiwa imeshafungwa yote huna pa kuipandishia. Nikaandika 4 kwa penseli, mara mbili.

Wimbo ukafika. Kipimo cha kwanza nilifunga mpira ukabana kabisa. Sauti ikafa. Mlio wa tromboni tatu kwa pamoja ukabaki na shimo katikati, na shimo hilo lilikuwa mimi. Nikainua macho pale penye miwani. Mzee wa kiti cha kwanza hakunitazama, lakini kiwiko chake kilikuwa kinakwenda kama bawa la kuku, na nikaona kwamba hafungi mpaka mwisho. Kila akifunga anaacha pengo la kidole kimoja upande wa chini, pumzi inapita hapo. Kipimo cha tatu nikaacha pengo. Sauti yangu ikaingia kati ya zao, na kwa vipimo vilivyobaki sikusikia tena ipi ni yangu.

Mengine yaliyobaki usiku ule siyakumbuki vizuri.

Tulipokuwa tunafungasha, yule mzee alichukua mpira wangu, akaunusa, akauliza kama nimeununua leo. Nikasema ndiyo. Akaangalia namba nne zangu kwenye karatasi, akauliza kama penseli ilikuwa yangu. Nikasema ndiyo. Akaandika namba yangu ya simu. Baada ya wiki tatu wakaniita tena, kisha tena, na mwisho nikakalia kile kiti kwa miaka sita.

Sijui aliandika namba kwa sababu ya vile vipimo vya mwisho, au kwa sababu nilikwenda dukani. Hakusema, nami sikuuliza alipokuwa hai. Vijana wakitaka niwaambie wakazanie nini, najikuta nawaambia yote mawili, na sina uhakika na hata moja.

Binti yangu alikuwa ameshauweka mpira mdomoni, anaimba *waa-waa* na kufunga kwa nguvu zote, analalamika kwamba sauti inapotea. Nikamshika mkono, nikachomeka kidole changu upande wa chini.

"Hapa. Acha hapa. Imba tena."